Nilivyoanguka Badala ya Steringi

Nianze kwa kusema kwamba mimi ni mtu wa aibu, lakini si mwoga. Watu huvichanganya vitu hivi viwili. Darasani, kidato cha tatu, mwalimu akiniita nisimame nisome, sauti yangu hukauka hadi wa mstari wa nyuma wanaanza kugonga meza. Lakini nipe panga na kamba, nipeleke kwenye shamba letu la juu, huku milimani Lushoto, pale ambapo mgeni hushuka kwa makalio huku ameshikilia majani kwa mikono miwili. Mimi nitashuka na mzigo kichwani nikiwaza mambo yangu mengine.

Kila siku nikitoka shule nakata majani ya ng'ombe. Ng'ombe wetu wawili hawatoki bandani. Milima yetu haina pa kuchungia, kwa hiyo ng'ombe ndiye anayekaa na binadamu ndiye anayetembea. Nakata gwatemala, yale majani marefu tunayopanda kwenye kingo za ngazi za shamba ili udongo usishuke wote bondeni. Ni mazito yakiwa na umande, na yanakata vidole.

Kuanguka naanguka. Hakuna mtu wa huku asiyeanguka, hasa kipindi cha mvua, udongo ukiwa kama sabuni. Ila kuna namna yake. Mzigo hautupwi. Ukihisi mguu umekwenda, unaushusha mzigo kifuani, unaukumbatia, unalalia ubavu wa upande wa mlimani, unaacha majani yakubebe. Anayetupa mzigo ananyoosha mikono, na anayenyoosha mikono anarudi nyumbani mkono umefungwa kwa khanga shingoni. Mama alinifundisha nikiwa na miaka saba. Hakusema kwamba ananifundisha. Alisema tu, "Ukimwaga majani kwenye karoti za watu, utayaokota moja moja."

Sasa kuhusu kitabu.

Katika maktaba ya shule yetu kuna rafu ya vitabu vya msaada ambavyo haviazimwi na mtu, kwa sababu ni vya Kiingereza na havitoki kwenye mtihani. Wenzangu wakienda kupiga soga wakati wa mapumziko, mimi hujificha huko. Ndipo mwaka jana nikakuta kitabu kikubwa cha picha kuhusu filamu za mwanzo za Marekani, zile ambazo watu walichezesha midomo bila sauti kutoka. Nilikisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kwa siku, siku nyingine nusu.

Sura iliyonikamata ilihusu wanawake waliokuwa wakifanya mambo ya hatari. Mwanamke anaruka kutoka mgongoni mwa farasi anayekimbia na kudaka treni. Mwingine amesimama juu ya bawa la ndege, sketi imejaa upepo. Wengi wao hawakuwa wamesomea popote. Walikuwa mabinti wa mashambani waliozoea farasi, au wasichana wa sarakasi, na walikwenda na kile walichokijua tangu nyumbani. Baadhi walikuwa masteringi, yaani waigizaji wakuu wenyewe, na walianguka wenyewe. Wengine walikuwa wa kuazimwa: mwenye sura nzuri anapigwa picha ya uso, halafu anaitwa yule mwingine, anavaa gauni lilelile, anaanguka, anakwenda zake. Kwenye filamu jina lake halimo.

Mwisho wa sura ile kulikuwa na picha iliyoniudhi. Mwanamume wa mabega mapana amekaa kitini, amevaa gauni na nywele za bandia, miguu ameitanua, anavuta sigara. Maelezo yalisema kwamba filamu zilipogeuka biashara kubwa, wanaume waliishika kazi ile, na hata palipotakiwa mwanamke aanguke, alivalishwa mwanamume gauni akaanguka yeye. Nilikifunga kitabu. Kwenye daftari langu la siri niliandika maneno mawili tu: "Hata kuanguka?"

Sikujua kwamba nitamwona yule mtu kwa macho yangu, tena kijijini kwetu.

Likizo ya mwezi wa sita walifika watu wa filamu kutoka Dar, magari mawili. Kwanza walikuwa waende Amani wakapige picha kwenye mashamba ya chai, matope yakawazuia, ndiyo wakaja kwetu kwenye karoti. Hadithi yao niliijua yote kwa sababu mpishi wao alitusimulia akimenya viazi. Binti wa kijijini amebeba majani, anaitwa kwa nyuma, anageuka, anateleza, anabiringika hadi njiani, anazimia. Akizinduka hakumbuki kitu, hata jina lake. Halafu anaolewa na daktari.

Mama aliposimuliwa aliuliza, "Na ng'ombe walikula nini siku hiyo?"

Steringi alikuwa dada mmoja mzuri, mpole, ambaye alishikwa mkono hata penye tambarare. Wa kuanguka badala yake alikuwa kaka wa mazoezi, kifua kama mlango. Walimvalisha kitenge cha yule dada, soksi ndefu za kuficha vinyweleo vya miguuni, na nywele za bandia zenye misuko mirefu. Nilikuwa napita na mzigo wangu nikamwona ameketi juu ya jiwe, miguu ameitanua, anasubiri kuitwa. Nilisimama kama niliyepigwa. Ilibaki sigara tu.

Wakamwita. Akapanda na mzigo wa majani, akikanyaga kwa visigino kama watu wa nchi tambarare wanavyokanyaga. Mwongozaji akapiga kelele, "Aksheni!" Kaka akautupa mzigo mbali, akanyoosha mikono, akabiringika kichwa mbele mara tatu, akasimama wima njiani kwa miguu miwili.

Shamba la chini wanawake wanne walikuwa wanapalilia. Majembe yakasimama.

"Jamani mgosi!" mmoja akapaza sauti. Mgosi ndivyo tunavyomwita mwanamume kwa Kishambaa. "Majani yamekukosea nini?"

"Mwacheni, anatafuta mke!" akajibu mwingine, wakaanguka kwa kicheko.

Na mimi nikacheka. Kwa sauti. Mimi! Mwongozaji, baba mmoja wa makamo mwenye kofia ya sufu, akageuka.

"Wewe binti mwenye mzigo. Unacheka nini?"

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nauliza unacheka nini?"

Jibu nilikuwa nalo lote, limepangwa vizuri kabisa. Halikutoka. Niliondoka na majani yangu, masikio yanawaka, na nyuma yangu nikamsikia kaka akianguka tena na wanawake wakicheka tena. Nyumbani niliandika lile jibu kwenye daftari, ukurasa mzima. Nilipolisoma nikaona si jibu la mtu anayetaka kueleza, ni la mtu anayetaka kazi. Nilitaka niwe mimi. Sijawahi kutaka kitu namna ile, hata matokeo ya mtihani.

Mama alikuwa uani anafunga karoti mafungu.

"Mama, nataka kwenda kuanguka."

Hakuinua kichwa. "Wapi?"

"Kwenye filamu. Badala ya yule dada."

"Kwani yeye ana nini?"

"Hajui."

"Hajui kuanguka?" Mama akacheka peke yake. "Basi huko mjini wanakaa wapi?"

"Wamemvalisha mwanaume sketi, mama, ndiye anayeanguka."

Hapo ndipo alipoinua kichwa. "Nimemwona. Anatupa majani." Alilisema kama mtu anayetaja tabia mbaya ya jirani. Akafunga fungu jingine, akafikiri. "Utavaa suruali ndani. Kichwa hakifunuliwi. Na mahali pa kuangukia nachagua mimi, si pale walipompeleka yule kijana wa watu, pana mawe."

"Lakini steringi ana misuko, mama. Nitavalishwa nywele."

"Za nani?"

"Za dukani."

"Kama ni za dukani si zako. Zivae juu ya ushungi, tena zitakukinga." Hivyo ndivyo mama alivyolimaliza suala ambalo mimi nilidhani litatukwamisha wiki nzima.

Asubuhi tukaenda wote wawili. Njiani nikamwomba anisemee yeye kwa wale watu. Akakataa katakata. "Mimi nimekuja kuangalia mahali. Kusema utasema mwenyewe."

Mwongozaji alikuwa anakunywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Nikamwamkia, akaitikia, nikasimama. Mama akatazama milima kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Nikahesabu hadi tano, nikaanza kabla ya sita, nikiangalia vifungo vya koti lake.

"Yule kaka anatupa mzigo. Huku hakuna anayetupa mzigo. Mkiionyesha filamu hii Lushoto, watu watacheka palepale mnapotaka walie."

Akashusha kifuniko. "Kumbe ndicho ulichokuwa unacheka jana."

"Ndiyo."

"Na wewe ungefanyaje?"

"Naomba mzigo."

Kuongea kuliishia hapo, na kutoka hapo mambo yalikuwa rahisi. Mama alipanda, akapapasa udongo kwa mguu, akasogea, akapapasa tena, akaonyesha kwa kidole ngazi ya tatu: majani mengi, hakuna jiwe, na chini wangeweza kuweka magodoro ya sponji na kuyafunika kwa majani. Nikaanguka mara moja ya majaribio, kamera ikiwa imezimwa. Nilipoinuka mwongozaji alikuwa amevua kofia.

"Kwani umefanya nini hapo?" akauliza. "Mbona imenishtua?"

Nilikuwa nimeanguka tu.

Yule kaka akanifuata pembeni, nywele za bandia mkononi. Nilijua ana neno. "Mdogo wangu, hii ndiyo kazi iliyonileta huku."

"Najua, kaka. Pole."

"Siyo pole. Utairudisha?"

"Hapana."

Niliushangaa mdomo wangu. Yeye alinitazama, akasugua goti lake lililokuwa limechubuka tangu jana, akanivalisha zile nywele mwenyewe na kuzibana vizuri kwa vibanio. "Basi zisikutoke," akasema. "Zikitoka ndiyo aibu yenyewe." Nilimhurumia, lazima niseme ukweli. Lakini sikumhurumia kiasi cha kumrudishia.

Huko njiani, mahali nitakapokomea, walikuwa wamemweka bibi mmoja jirani yetu, ameketi na kapu la matunda ya peasi, ili aonekane ameshtushwa na ajali. Ni bibi anayeheshimika sana. Kijijini kwetu hupiti mbele ya bibi yule bila kumwamkia, hata kama unakimbilia hospitali.

"Kamera! Aksheni!"

Sauti ikaita kwa nyuma kama kwenye hadithi. Nikageuka. Mguu ukaenda kwa sababu niliuruhusu uende. Mzigo ukashuka kifuani, ubavu ukagusa ardhi, majani yakanipokea, nikapita ngazi ya pili, ya kwanza, magodoro, njia. Sikusikia maumivu, nilisikia harufu ya udongo tu. Nikasimama, nikajipangusa, nikavuta kitenge kiwe sawa, nikainua uso na kukutana na macho ya bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujaumia?"

"Hapana bibi, nashukuru."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, yule pale."

Nikageuka. Watu wote wa filamu walikuwa wamenitumbulia macho, kamera bado inaendelea. Kaka ndiye aliyepasuka wa kwanza. "Jamani! Aliyezimia anaamkia!" Wakacheka hadi mshika taa akakaa chini. Mama naye alijifunika mdomo kwa khanga. Mwongozaji hakucheka. Nilikuwa nizimie, nibaki nimelala kama gunia hadi aseme kata, naye alikuwa amenieleza hivyo mara mbili.

Akaangalia bonde. Ukungu ulikuwa unapanda kama unavyopanda kila siku mwezi wa sita. Miti ya chini ilikuwa imeshapotea.

"Tunayo nafasi moja tu," akaniambia, taratibu, bila hasira, na hiyo ilinitisha zaidi. "Ukungu ukifika hapa, siku imekwisha, na kesho tunashuka Mombo. Ukikosea hii, nabaki na zile za kaka za jana."

Akataka bibi aondolewe. Kijana wao mmoja akamwinamia. "Bibi, tunaomba usogee kidogo kule."

"Kule wapi? Njia hii napita tangu baba yako hajazaliwa," bibi akajibu, akaweka kapu lake sawa. "Tena mmeniambia nishtuke. Bado sijashtuka."

Nilisimama ngazi ya tatu na mzigo mpya, nikajijua. Ningeanguka mara kumi, ningemwamkia mara kumi. Si kwamba nasahau maelekezo. Mdomo wangu, ambao darasani haufunguki, mbele ya mtu mzima hufunguka wenyewe. Kulala chali mbele ya bibi na kumkalia kimya, hilo mwili wangu haukulijua.

Nikashusha mzigo nikateremka.

"Unakwenda wapi?" mwongozaji akaita. "Binti! Ukungu!"

Nikapiga goti mbele ya bibi. Nikamwamkia upya, nikaingia Kishambaa, nikamuuliza za asubuhi, za mguu wake unaouma, za mbuzi aliyezaa, za wajukuu wa Tanga. Naye akaniuliza zetu, ng'ombe kwa ng'ombe. Hatukuruka kitu. Nilimsikia mwongozaji akihema nyuma yangu, lakini ukikatisha salamu ni afadhali usingeanza. Zilipoisha nikasema, "Bibi, sasa nitaanguka tena. Nikifika hapa nitakuwa nimezimia, sitakuamkia. Naomba usione nimekudharau."

Bibi akauliza, "Utazimia kwa muda gani?"

"Mpaka yule baba aseme."

"Haya. Zimia. Umeshaniamkia."

Nikapanda mbio. Ukungu ulikuwa umefika shamba la chini, wanawake wanne wamebaki vichwa tu. Nakumbuka niliwaza kwamba katika mlima huu mzima kuna kazi moja inayofanyika sasa hivi na mimi ndiye ninayeijua kuliko wote waliosimama hapa, wenye kamera na wasio na kamera. Nilivyowaza ndivyo ninavyoandika.

"Aksheni!"

Sauti. Geuka. Mguu. Safari hii niliuacha uende mbali zaidi, nikapita ngazi ya pili bila kuigusa, na mzigo ukafunguka kamba kidogo, majani yakanifuata kama maji. Nikafika njiani. Shavu likatua kwenye udongo baridi. Viatu vya bibi vilikuwa karibu na pua yangu, raba za kijani zenye tundu kwenye kidole. Ulimi wangu ulilala. Juu yangu nikamsikia bibi akivuta pumzi kwa nguvu, akasema kwa Kishambaa jambo ambalo hakuelekezwa na mtu, la kumwomba Mungu. Nadhani hakuwa anaigiza.

Muda ukapita. Siafu mmoja akanipanda shingoni. Nikamwacha.

"Kata."

Hakupiga kelele. Akaangalia kwenye kioo cha kamera, akarudia kuangalia, akamwita kaka naye aone. Kaka akatazama hadi mwisho. "Hii huwezi kumfundisha mtu," akasema, na akamtazama mama, si mimi. Mama akaniambia niinuke upesi, udongo una umande.

Ilibaki picha ya uso. Steringi akaja, wakamtandikia khanga palepale nilipolala, akakataa khanga, akajilaza mwenyewe. Akalala chali, mikono kifuani, amefumba macho vizuri kama mtu aliyelala gesti. Mpiga picha akainama. Mwongozaji akainua mkono. Ukungu ulikuwa unaanza kuingia njiani na hakuna aliyeona kosa isipokuwa mimi na mama, na mama alikuwa amegeukia milima tena.

"Dada, sivyo," nikasema.

Wote wakageuka. Nilisubiri sauti ikauke. Haikukauka.

"Mimi nililalia ubavu wa mlimani. Mguu huu uwe chini. Na mkono usikae kifuani, uwe ndani ya majani, kwa sababu sikuachia mzigo."

Dada akafumbua jicho moja, akamtazama mwongozaji.

"Msikilize huyo," mwongozaji akasema.

Akageuka ubavu. Akaingiza mkono kwenye majani, akakunja uso yalipomkata. "Hivi?"

"Bado. Shavu liguse udongo."

"Una baridi, mdogo wangu!"

"Najua, dada."

Akaliweka shavu chini. Nikamsogezea msuko mmoja usimzibe jicho, nikarudi nyuma hatua tatu ili kamera isinipate.